Tupeane uzoefu: mliosaidia wazazi kupata uraia wa Marekani na kiingereza hakipandi

Jamani habari zenu. Wengi wetu huku tumepitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma, Dzaleka, na miaka mitano ya kukaa hapa ikitimia vijana tunajaza N-400, ile fomu ya kuomba uraia, haraka haraka ila wazee tunawaacha nyuma eti kiingereza hawawezi. Inaniuma kwa kweli maana wengi wanaweza kabisa wakipata mtu wa kukaa nao. Mwenye uzoefu atiririke, naanza mimi.

Mama yangu hakusoma. Maswali ya historia ya mtihani wa uraia hayakumsumbua, nilimrekodia kwenye simu akawa anasikiliza huku anapika mpaka yakaingia. Kilichotutesa ni pale kwenye usaili ofisa anapopitia fomu. Mnawajua wazee wetu, mtu wa ofisini akiwauliza kitu wanaitikia "yes" kwa heshima hata kama hawajaelewa, na pale maswali ni umewahi kukamatwa, umewahi kupiga kura hapa, umewahi kujitambulisha kama raia, sasa ukisema yes si umejiharibia? Basi mimi na wadogo zangu tukawa tunajifanya maofisa kila jioni, tunambadilishia maneno, asipoelewa aseme "please repeat", inaruhusiwa kabisa. Kuandika tulitumia ile orodha ya maneno ya serikali, siku yenyewe unapewa nafasi tatu, ukisoma sentensi moja sawasawa na kuandika moja imetosha. Alipita na kiapo akala!

MRUNDI WA 72: Sisi tulitolewa kambini Tanzania 2007. Baba alishavuka miaka 55 na grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) ina zaidi ya miaka 15, mtu kama huyo kiingereza hapimwi, anajibu maswali ya uraia kwa lugha yake na anakwenda na mkalimani. Wa miaka 50 mwenye grinikadi miaka 20 naye hivyo hivyo, na akiwa na miaka 65 na hiyo miaka 20 ya grinikadi anasoma maswali 20 tu. Kuna wazee wamekaa na hofu miaka yote hakuna aliyewaambia, waambieni jamani.

MAMA WATATU: Aliyepeleka fomu kuanzia 20 Oktoba 2025 mtihani ni mpya, maswali 128, unaulizwa mpaka 20 upate 12. Wa zamani ulikuwa 100, unaulizwa mpaka 10 upate 6, kwa hiyo angalieni mnawafundishia karatasi gani. Jirani yangu aliangushwa na kusoma tu, akaitwa tena kati ya siku 60 na 90 akarudia hicho hicho kimoja.

KAKA WA DAYTON: Hela nayo inawakwamisha. Fomu ya karatasi dola 760, mtandaoni 710, kipato kikiwa kidogo unaomba kulipa 380, na wa chini kabisa anaomba asamehewe yote kwa fomu I-912. Mimi nina swali, bibi yetu anasahau sana tangu apate kiharusi, kuna aliyejaziwa na daktari karibuni N-648, ile fomu ya kuomba msamaha wa mtihani kwa sababu ya ugonjwa? Mlimwelezaje daktari?