Mpira uliorushwa juu: nimechora kani ya mkono, nimekatwa alama zote. Kosa liko wapi?

Habari wakuu. Sura ya kani na mwendo inanitesa. Swali lilitaka tuchore kani zinazotenda kwenye mpira uliorushwa wima, ukiwa bado unapanda. Nikachora mshale mrefu wa juu (kani ya mkono) na mfupi wa chini (uzito). Sifuri! Kama hakuna kinachousukuma, unapandaje? Na kileleni umesimama, mbona mwalimu anasema mchapuko (kasi kubadilika kila sekunde) upo? Kanuni zote 3 za Newton nimezikariri.

Mzee wa Vekta: Kukariri ndiko kumekuponza. Mkono uliusukuma mpira ulipokuwa umegusana nao tu. Ulipouachia, kazi yake ikaisha. Mpira ukaondoka na mwendo, si na kani. Kabla ya kuchora mshale jiulize: nani anausukuma au kuuvuta sasa hivi? Ukikosa wa kumtaja, futa. Hapo unabaki uzito, na ukinzani wa hewa kama swali limeutaja.

Kalamu Nyekundu: Mi nadhani kileleni kani ya juu inalingana na uzito, ndiyo maana unasimama.

Mzee wa Vekta: Hapana ndugu, zingelingana mpira ungebaki unaning'inia hukohuko. Piga hesabu. Urushe kwa mita 20 kwa sekunde. Baada ya sekunde 1 kasi ni 10.2, baada ya 2 ni 0.4, baada ya 3 ni 9.4 ila sasa unashuka. Kila sekunde inakata 9.8 ileile, na kilele kimepitwa humohumo bila makato kukoma.

Mwanzisha uzi: Aisee! Kumbe nachanganya kasi na mabadiliko ya kasi. Na kitabu juu ya meza, uzito wake na kani ya meza ndiyo tendo na mjibizo (ile jozi ya kani sawa zinazopingana, kanuni ya 3), sivyo?

Dada Msuguano: Sivyo, na huo mtego umewanasa wengi. Zote mbili zinatenda kwenye kitabu hichohicho. Jozi ya kanuni ya 3 hugawana vitu viwili: dunia inakivuta kitabu, kitabu kinaivuta dunia, kitabu kinaikandamiza meza, meza inakisukuma kitabu. Ipeleke meza kwenye lifti inayoanza kupanda: kani ya meza inauzidi uzito. Zingekuwa jozi, zisingepishana kamwe.

Mwanzisha uzi: Hiyo lifti imenimaliza. Ngoja nikafute mishale yangu.