Mjusi mwenye ndevu hajala kwa siku 12: nimlishe kwa nguvu?

Mama wa Mbezi

Ndugu zangu, salaam. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kumfuga mjusi mwenye ndevu, yule wa Australia anayeitwa kitaalamu Pogona vitticeps. Wetu ni dume wa mwaka mmoja na nusu hivi. Tuliachiwa na jirani aliyehama nchini mwezi wa Februari, pamoja na kizimba chake cha kioo na taa mbili, na mwanangu wa darasa la sita amemfanya ndugu yake. Mama mkwe wangu humwita mjusi kafiri na hakanyagi chumba alimo, lakini juzi hata yeye aliuliza kwa nini kafiri wetu amepoa kiasi kile.

Kwa siku 12 sasa hajala chochote kwa hiari yake. Zamani alikuwa akiwarukia nyenje na panzi kwa pupa hadi tunacheka, na mchicha kidogo kila asubuhi. Siku hizi nyenje wanampanda mgongoni naye anafumba macho. Choo amepata mara moja tu katika muda huo, tena kidogo na kikavu. Mdomo ni msafi, hatoi kamasi, macho hayajabonyea, ila ndevu zake huwa nyeusi asubuhi, na mchana kutwa anajificha chini ya gogo lake.

Mabadiliko yaliyotokea ni haya. Mwanzoni mwa Juni jirani alianza ujenzi, na kwa sababu ya kelele tulimtoa kwenye baraza ya nyuma tukamweka chumba cha mtoto, chenye kiyoyozi. Wiki hiyo hiyo umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, taa zote mbili zikaungua, tukaweka moja ya LED yenye mwanga mkali sana. Chini tumemtandikia mchanga mweupe wa ufukweni tuliouosha wenyewe. Tangu juzi namnywesha uji wa lishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mililita 5 asubuhi na jioni, ingawa mwingi anautema. Je, niendelee, au huu ni ule usingizi wa majira ya baridi ninaousikia, ambao mjusi hulala bila kula na hapaswi kusumbuliwa?

Mfugaji wa Kigamboni

Dada yangu, uji uache leo hii. Ukiingia njia ya hewa utampa ugonjwa wa mapafu ambao sasa hivi hana, na hata ukifika tumboni hautamsaidia, kwa kuwa mahindi na soya si chakula chake na tumbo lenyewe kwa hali uliyoieleza halifanyi kazi. Mjusi hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi. Analiazima juani au kwenye jiwe lililopashwa na jua. Asipolipata, chakula hukaa tumboni bila kusagika na huweza kumwozea humo. Kwa hiyo mjusi aliyepoa anapokataa chakula anajilinda, na anayemlazimisha anauvunja ulinzi huo.

Sisi watu wa Dar es Salaam tunajidanganya kwa jambo moja: kwa kuwa wenyewe tunatokwa jasho, tunadhani jiji hili lina joto la kumtosha mjusi yeyote. Huyu ni mnyama wa nyanda kavu za ndani ya Australia. Anahitaji mahali pa kuotea penye nyuzi 38 hadi 42, na upande wa pili wa kizimba uwe na nyuzi 24 hadi 28 ili achague mwenyewe aende wapi. Hewa ya nyuzi 29 ya mchana wa Julai haifikii jiwe la nyuzi 40, na chumba chenye kiyoyozi kipo mbali zaidi. Taa ya LED ndiyo iliyokamilisha msiba, kwa maana inang'aa bila kupasha joto la maana, na haitoi mionzi ya UVB. Mionzi hiyo ndiyo inayomwezesha kutengeneza vitamini D3, ambayo bila hiyo mwili wake hauwezi kuitumia kalisi hata ukimlisha gunia zima; mifupa hulainika, taya likawa kama mpira, miguu ikatetemeka.

Fanya hivi. Mrudishe barazani, au zima kiyoyozi moja kwa moja. Tafuta globu ya halojeni ya wati 50 au 75, iweke juu ya jiwe bapa, kisha pima joto la jiwe lenyewe, si la hewa. Kile kifaa cha kupimia joto tulichoelekezewa usoni wakati wa korona hakifai, kwa kuwa kimetengenezwa kusoma joto la mwili wa mtu. Nunua Kariakoo cha mafundi wa majokofu na viyoyozi. Taa ya UVB itakuchukua muda kuipata na ni ghali, lakini jua tunalo la bure. Mtoe nje asubuhi kwa nusu saa akiwa kwenye kizimba cha wavu chenye kivuli upande mmoja, na usiondoke, maana kunguru wa mjini hawa hawana subira. Usimtoe na kizimba chake cha kioo hata kwa dakika chache: kioo huzuia UVB na wakati huo huo hukusanya joto, kwa hiyo atakosa faida na kuiva kabisa.

Mchanga utoe, tandika magazeti. Akiumeza pamoja na nyenje unaweza kumziba utumbo, na hicho choo kidogo kikavu kinanitia shaka. Mchicha nao usiwe chakula cha kila siku, kwa kuwa una oksaleti nyingi zinazoishika kalisi isifyonzwe; mpe sukuma wiki, figiri, majani na maua ya maboga, au maua ya hibiski ambayo hayajapuliziwa dawa. Kisamvu kibichi na parachichi ni sumu kwake. Kwa unga wa kalisi, mimi huokota ufukweni mifupa ya dome, yule wa jamii ya ngisi, nailoweka siku kadhaa nikibadilisha maji mpaka chumvi iishe, naianika na kuisaga iwe laini kama poda, kisha nawanyunyizia nyenje kabla ya kuwalisha.

Mkazi wa Upanga

Nakubaliana na ndugu yangu wa Kigamboni kuhusu joto, lakini suala la usingizi lisitupwe haraka, kwa sababu wapo wanaolala kweli, hata huku kwetu ambako tofauti ya urefu wa mchana kati ya Desemba na Juni haifiki saa moja. Anayelala akiwa mzima hapungui uzito kwa kiasi cha kuonekana, na huyo ndiye unayeweza kumwacha. Tatizo ni kwamba kwa macho tu huwezi kumtofautisha na mgonjwa. Lazima upime kwa mzani wa jikoni, kwa gramu, siku na saa zile zile kila wiki.

Mwaka jana wa kwangu aligoma kula mwezi wa Julai, nikatangaza kwa kila aliyeuliza kwamba amelala. Daktari wa kwanza niliyempelekea hakuwa amewahi kumshika mjusi, akakubaliana nami. Baada ya siku tisa "dume" langu likaanza kufukua pembe za kizimba usiku na mchana, likataga mayai 19 kwenye ndoo ya mchanga wenye unyevu niliyomwekea kwa kubahatisha. Jike hutaga hata bila kukutana na dume, na akikosa mahali pa kufukua mayai yanaweza kumkwama na kumuua. Kwa hiyo dada, nani alikuambia huyo ni dume? Mwinue mkia kwa upole, usiukunje kwa nguvu, umtazame chini ya shina lake: dume ana vivimbe viwili, kushoto na kulia, na katikati pana bonde, jike akiwa na uvimbe, huwa mmoja wa katikati.

Mama wa Mbezi

Nawashukuru sana. Nimetazama na mwanangu akimulika tochi: vivimbe ni viwili, bonde linaonekana, kwa hiyo mayai tuyaweke kando. Fundi wa viyoyozi wa mtaani ameniazima kifaa chake, na nilichokiona kimenitia aibu. Chini ya ile taa tuliyojivunia jiwe lilisoma nyuzi 26, na gogo analojificha nyuzi 22. Mzani umesoma gramu 318, lakini sina uzito wa zamani wa kulinganisha. Globu ya halojeni nimeipata, mchanga umetoka, uji umekwisha, na mtoto amehamia chumba cha dada yake ili kiyoyozi kisiwashwe.

Mwanafunzi wa tiba ya wanyama, Morogoro

Shikamoo, mama. Uzito huo kwa mjusi mzima si mbaya, kwa hiyo muda unao, lakini si mwingi. Gramu 318 ndizo ziwe mwanzo wenu: akishuka kwa zaidi ya asilimia 10, yaani akifika chini ya gramu 286, usisubiri tena. Vile vile usisubiri ukiona macho yamebonyea, shina la mkia limekonda hadi mifupa inahesabika, taya linabonyea kwa kidole, au anapumua kwa mdomo wazi akiwa mbali na joto. Hilo la mwisho lina uzito wake pwani, ambako unyevu wa hewa ni mkubwa kuliko anaoupenda na kizimba kisichopitisha hewa humletea maradhi ya kifua.

Kwa siku mbili za mwanzo usimpe mdudu hata mmoja. Apate joto kwanza. Mwogeshe maji ya vuguvugu yasiyovuka mabega yake, dakika 15 hivi, ukimshikilia, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo choo hutoka. Kikitoka, weka kipande kibichi kwenye kikopo safi chenye kifuniko, kihifadhi kwenye jokofu lakini kisigande, na kifike maabara ndani ya saa 24. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania upo hapo Temeke; waeleze kwamba ni cha mjusi na uombe kiangaliwe kama kina koksidia, yaani vimelea vidogo sana vya utumbo, na mayai ya minyoo. Wengi wa wanyama hawa huishi na vimelea vichache bila shida, kisha mwili ukidhoofika kwa baridi vimelea huongezeka na kuua hamu ya kula. Naomba jambo moja kwa msisitizo: usinunue dawa ya koksidia ya kuku dukani na kumkadiria kwa kijiko. Kipimo cha kuku hakihamishwi kwa mjusi, na mwenye upungufu wa maji figo zake huumia kwanza.

Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila amshikapo, kwa sababu ya bakteria wa salmonela, na kizimba kisioshewe kwenye karo la jikoni. Nimwombe pia aache kumkusanyia wadudu wa taa za nje usiku: baadhi ya jamii za vimulimuli zina sumu ambayo mmoja tu hutosha kumuua mjusi huyu, na mende wa nyumbani huenda amekwisha kupuliziwa dawa kwa jirani.

Mama wa Mbezi

Marahaba, mwanangu. Leo ni siku ya tano. Jiwe linasoma nyuzi 40 na yeye analala juu yake kifudifudi tangu saa mbili asubuhi, ndevu zikiwa na rangi yake ya kawaida. Choo kilitoka jana majini, kingi, nacho kimejaa chembe za mchanga mweupe. Mama mkwe alichungulia mlangoni akasema ndiyo maana. Nyenje bado anawatazama tu, lakini leo asubuhi amekula ua moja zima la boga na nusu ya jingine. Uzito ni gramu 314. Kikopo kipo kwenye jokofu, nyuma ya siagi, na asubuhi hii naelekea Temeke.