Tupeane uzoefu: mgahawa mdogo usio na makuu uliokulisha ukashiba hadi moyoni

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Jana nilikula supu, machozi yakanitoka. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, mvua inanyesha, sijala tangu jana yake mchana. Nikaingia mahali ambapo kwa kawaida ningepita bila kugeuza shingo: meza nne, viti visivyofanana, mlango wa jikoni uko wazi na sufuria unaiona kutoka ulipokaa. Hakuna menyu. Mama mwenye mgahawa alisema tu, "Leo kuna supu na kuna maharage." Nikasema supu.

Ilikuja ya moto kweli, mvuke unapanda, na vipande vikubwa vya viazi vilivyokuwa vimeanza kuvunjika. Nilikunywa nusu bakuli bila kuinua kichwa. Nilipoinua, mama alikuwa amesimama na upawa mkononi. Hakuuliza kitu. Akaongeza, akarudi jikoni. Hapo ndipo machozi yalipotoka, na sioni aibu kulisema.

Nimekula sehemu kubwa, zenye vitambaa vyeupe na wahudumu wanaokuvutia kiti, na nimekula vizuri. Ila sijawahi kutoka huko nikiwa nimepumzika kama jana. Nataka nisikie kwenu: ni sehemu gani ndogo, ya kawaida kabisa, iliyowahi kukulisha namna hiyo? Nini kilitokea? Majina ya migahawa si lazima, tupeane visa vyenyewe.

Dereva wa masafa

Mkuu, hapo umenigusa. Miaka kumi na minne niko barabarani, maisha yangu yote ni migahawa ya aina hiyo.

Mimi huwa siangalii bango. Naangalia sahani za walio ndani. Nikiona watu wanafuta mchuzi wa mwisho kwa mkate, nashuka. Nikiona sahani zinarudi zimejaa nusu, nawasha gari.

Kuna mahali nilipokuwa nikipita kila Alhamisi saa tatu usiku. Wiki moja gari liliharibika, nikafika saa saba usiku nikijua wamefunga. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Yule kaka wa jikoni alikuwa amelala kwenye kiti, sahani yangu imefunikwa juu ya sufuria yenye maji yanayotokota ili isipoe. Akaniambia, "Nilijua utakuja, ila sikujua saa." Hatukuwa tumewahi kuulizana hata majina.

Msoma historia

Mleta mada, kuna kitu kuhusu hiyo supu yako ambacho pengine utakifurahia. Neno la Kifaransa "restaurant", ambalo leo dunia nzima inalitumia kwa nyumba ya kulia chakula, kabla ya hapo lilikuwa jina la supu. Ni mchuzi mzito wa nyama uliochemshwa muda mrefu, aliokuwa anapewa mtu aliyechoka au mgonjwa ili nguvu zimrudie. Chimbuko lake ni kitenzi chenye maana ya kurudishia, kurejesha. Katika karne ya 18 mjini Paris zikaanza kufunguliwa nyumba za kuuza mchuzi huo, na polepole jina la mchuzi likahamia kwenye nyumba yenyewe. Baadaye, mwaka 1855, mchinjaji nyama mmoja wa mji huohuo aitwaye Duval akafungua mahali pa kuwauzia wafanyakazi wa soko kuu mchuzi na nyama ya kuchemsha, chakula rahisi cha watu wa kazi. Kwa hiyo ulichokipata jana, mtu anaingia amechoka anatoka amerudishiwa nguvu, ndicho kitu chenyewe kilichozaa migahawa. Vitambaa vyeupe vilikuja baadaye.

Kisa changu ni kifupi. Nilipokuwa mwanafunzi nilikula mwaka mzima kwenye meza moja ndefu ya pamoja, unakaa popote penye nafasi. Watu wawili niliokutana nao pale ndio waliosimama upande wangu siku ya harusi yangu.

Mama wa jikoni

Nimesoma hapa nikaona nami niseme, maana mimi niko upande wa pili wa huo mlango. Nina mgahawa wa meza sita, mwaka wa kumi na moja huu.

Watu huniuliza kwa nini napika vitu viwili au vitatu tu. Ni kwa sababu sufuria moja ikipata muda wake, haidanganyi. Nyama ninayonunua ni ile ngumu, ya shingo na miguu, yenye mishipa mingi. Ukiipika haraka inakuwa kama mpira. Ukiiweka moto mdogo saa tatu au nne, ile kolajeni iliyo kwenye mishipa inayeyuka na kugeuka jelatini, na hiyo ndiyo inayoufanya mchuzi ushike midomo. Sasa niambie, kama menyu ina vyakula arobaini, nani atakaa na sufuria moja saa nne? Naamka saa kumi alfajiri kukata vitunguu. Kitu cha kwanza ninachoweka motoni ndicho kitakacholiwa saa saba mchana.

Kisa changu ni cha mzee mmoja. Alikuwa anakuja kila siku, anakula nusu, anaacha nyama yote, anashukuru, anaondoka. Nilidhani hapendi upishi wangu. Siku moja nikamwona anajaribu kutafuna akiwa amefunika mdomo kwa mkono, nikaelewa kwamba meno hakuna. Sikumwambia kitu. Kuanzia kesho yake nikawa naikata nyama yake ndogondogo jikoni, kisha nachanganya kwenye mchuzi kabla sahani haijatoka, ili mezani ionekane kama sahani ya mtu mwingine yeyote. Akaanza kumaliza. Ilipita kama miezi mitatu ndipo alipokuja hadi mlangoni kwa jikoni, akasimama, akasema, "Mwanangu, naona." Basi. Akaenda zake.

Alikuja miaka minne. Siku hizi hayupo tena. Kile kisu kidogo bado ndicho nakatia.

Mwenye wasiwasi

Naomba nitoe upande mwingine, kwa heshima kwa Mama wa jikoni. Tusiseme kwamba kila penye udogo pana upendo.

Mimi nililazwa siku mbili baada ya kula mahali padogo nilipopaamini. Wali ulikuwa vuguvugu, umekaa kwenye beseni tangu asubuhi, nikaona haya kusema kwa sababu wale watu walikuwa wananifahamu. Daktari alinieleza kwamba kuna bakteria, Bacillus cereus, ambao mbegu zake hazifi wali ukichemshwa. Wali ukiachwa nje kwa saa nyingi zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu, na ukija kuupasha tena, sumu yenyewe inaweza kubaki palepale. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kinachosubiri walaji kikae kwenye joto la juu ya nyuzi 60.

Kwa hiyo mimi leo naangalia mvuke. Chakula kisichotoa mvuke sikili, hata kama mwenye mgahawa ni shangazi yangu. Naangalia pia kama anayeshika pesa ndiye anayeshika mkate.

Mama wa jikoni

Ndugu yangu, pole sana, na umesema kweli tupu. Wala usione haya tena. Mteja akiniambia "hiki kimepoa", ananisaidia. Kwangu mchuzi uko juu ya moto muda wote, na wali napika kidogokidogo, sufuria ya pili inaanza ya kwanza ikifika nusu. Kinachobaki jioni kinagawanywa kwenye vyombo vipana vifupi ili kipoe haraka, kisha kinaingia kwenye friji. Mchuzi wa jana ukipashwa hadi uchemke kabisa unakuwa mtamu kuliko wa leo, viungo vimekwisha kuingia ndani. Ila bila friji ya uhakika usithubutu.

Mama wa mvulana

Mwanangu ana usonji. Kwa miaka mingi kula nje kwetu kulikuwa hakuwezekani. Muziki, mashine ya kahawa, watu wanagonga vijiko, taa kali, na yeye anaziba masikio na kulia hadi tunatoka, huku macho ya watu yanatusindikiza.

Tulipopata mgahawa wetu tulikuwa tumeingia kwa bahati, saa kumi jioni, hakuna mtu. Mwanangu anakula wali mtupu na yai, lakini visigusane. Nilieleza huku nimejiandaa kuulizwa maswali. Yule baba alisikiliza, akaleta sahani mbili ndogo, wali huku, yai kule. Halafu akaona mtoto anaitazama feni inayopiga kelele juu. Akaizima. Kulikuwa na joto, akaizima hivyohivyo na yeye akatoka jasho.

Sasa tunakwenda kila Jumapili saa kumi. Mwezi uliopita mwanangu aliagiza mwenyewe, kwa sauti. Maneno mawili: "Wali. Yai." Ana miaka tisa. Wengi hapa mtaelewa maneno mawili yanaweza kuwa makubwa kiasi gani.

Mpita njia

Nasoma tu. Hii ya feni nimeisoma mara tatu.

Aliyepoteza harufu

Sijawahi kuandika mahali popote kuhusu hili, mniwie radhi kama litakuwa refu.

Nilipougua Uviko nilipona mapafu, ila pua haikurudi. Miezi saba sikunusa kitu. Watu wanadhani ukipoteza harufu unakosa marashi. Unakosa chakula. Ulimi peke yake unakupa chumvi, sukari, uchachu, uchungu, na ule ukolezo wa nyama, basi. Kitunguu kilikuwa kitu kinachoteleza mdomoni. Mkate ulikuwa sifongo. Nikaacha kula na familia kwa sababu nyuso zao wakifurahia ziliniumiza. Nilipungua kilo kumi na moja.

Karibu na kazini kuna mgahawa mdogo niliokuwa mteja wake kabla ya ugonjwa. Nikaendelea kwenda, si kwa utamu, ila kwa sababu mama wa pale alibadilisha namna ya kunilisha baada ya kumweleza. Aliongeza vitu vya kutafuna. Karanga zilizosagwa nusu juu ya maharage, kachumbari mbichi ya baridi pembeni ya chakula cha moto, ukoko wa chini ya sufuria. Alisema, "Kama pua imelala, tuliamshe jino." Hakuwa amesoma popote. Aliniwazia tu.

Siku ilipotokea nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha karibu na jikoni. Ghafla kitu kikanipiga kifuani kabla sijajua ni nini, nikaona jikoni kwa bibi yangu, dirisha, ndoo ya maji, kila kitu. Ndipo nikaelewa ni vitunguu vinakaangwa. Baadaye nilisoma kwamba njia ya harufu inaingia karibu moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo zinazoshika hisia na kumbukumbu, tofauti na kuona au kusikia, na ndiyo maana bibi alifika kabla ya kitunguu. Nilisimama nikaingia jikoni bila ruhusa. Mama akanitazama usoni mara moja tu, akazima moto, akanikumbatia. Kisha akawasha tena ili niendelee kunusa.

Harufu haijarudi yote. Kahawa bado inanuka kama kitu kilichoungua. Ila kitunguu ninacho.

Mteja wa zamani

Mimi kisa changu ni cha kupoteza. Mgahawa wetu ulinunuliwa na mtu mwenye nia njema, akaweka viti vipya, picha ukutani, menyu ya kurasa sita. Mpishi ni yuleyule. Chakula kikafifia. Nilijiuliza kwa nini hadi niliposoma maelezo ya Mama wa jikoni kuhusu sufuria moja na saa nne. Sasa nimepata jibu. Mpishi yule hakupoteza mkono, alipoteza muda.

Tuliokuwa tunakutana pale hatukutani tena. Kuna mmoja tuliyezoea kugawana gazeti asubuhi, yeye kurasa za michezo, mimi zilizobaki. Sijui anakoishi. Kama unasoma hapa, kurasa za michezo bado sizigusi.

Dereva wa masafa

Mteja wa zamani, rudi pale asubuhi siku moja ukae tu. Huenda naye anafanya hivyohivyo siku nyingine.

Mleta mada

Nimesoma yote, nimemsomea na mke wangu. Aliyepoteza harufu, yeye ndiye aliyeniomba nirudie kisa chako.

Leo nimerudi kwa yule mama. Supu ilikuwa imekwisha tangu saa saba. Nimekula maharage, yalikuwa yanatoa mvuke, Mwenye wasiwasi, nimehakikisha. Nikamuuliza supu hupikwa siku gani, akasema Jumanne na Ijumaa. Wakati natoka akauliza kama usiku niko kazini Alhamisi. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi Ijumaa asubuhi nitakuwekea pembeni."