Shule zisizo na maabara zipewe tu kemia ya kwenye kompyuta? Mimi nakataa

Wadau naomba tulijadili hili. Kuna hoja naisikia sana kwamba shule za kata zisizo na maabara ziwekewe kompyuta zenye masomo ya kemia ya kubonyeza, mtoto afanye taitresheni (kumimina asidi kidogo kidogo kwenye besi kujua kiasi gani kinatosha kuimaliza) kwenye skrini basi yameisha. Nafundisha kemia na nakataa, ila kompyuta siikatai, naikataa kazi tunayotaka kuipa.

Taitresheni mtoto anajifunza kwa mkono jamani, afungue bomba la bureti, ule mrija mrefu wenye vipimo, taratibu, huku anatikisa chupa, jicho lilingane na mstari, methili orenji, ile rangi ya kuonyesha asidi na besi, ikianza tu kuacha unjano afunge, tone likizidi kaharibu. Kwenye skrini namba inajitokeza yenyewe, halafu kidato cha nne anaingia praktiko ya NECTA (Baraza la Mitihani) hajawahi kushika pipeti, mrija wa kupimia kimiminika.

Sasa kuna kitu maabara hata iwe nzuri vipi haionyeshi, chembe zenyewe. Weka HCl (asidi ya hidrokloriki) na asidi ya ethanoiki, ile ya kwenye siki, za molariti sawa, yaani ukolezi sawa, kwenye bika mbili, zote zinaonekana kama maji, mtoto anakariri tu hii kali hii dhaifu. Fungua simulesheni (jaribio la kuigiza kwenye kompyuta) ya PhET ya asidi na besi, ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, anaona kabisa kwenye asidi kali molekuli zimevunjika kuwa ayoni, chembe zenye chaji zinazopitisha umeme, na kwenye dhaifu nyingi bado nzima, anajua kwa nini balbu ikiunganishwa kwenye asidi dhaifu inafifia. Na faili unalipakua mara moja, unalipitisha kwa fleshi, intaneti huhitaji tena.

Mchangiaji: Mkuu hoja nzuri ila huku kwetu jengo la maabara lipo, kemikali ndo hakuna. Projekta moja angalau inadumu, kemikali zinaisha kila muhula, nani ananunua?

Mwanzisha mada: Ni kweli hilo linauma. Ila anza na siki, magadi na maji ya rosela, kwenye siki yanakuwa mekundu kwenye magadi yanaelekea kijani, sirinji ikae badala ya bureti. Mkono utazoea. Hao wanaotengeneza masomo ya kompyuta waache kuchora bureti, waanze na moli, elektrolisisi na msawazo wa kikemia, na maelezo yawe Kiswahili pembeni ya Kiingereza cha mtihani, maana hapo ndo watoto wangu wanakwama.