Eti Vasco da Gama alituokoa na MAHARAMIA? Na watu wakapiga makofi!

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi, mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Yule mtaalamu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa suti nzito kwenye joto hili la Kilwa, kila sentensi anaanza na "kimsingi". Leo kashika maikrofoni anatuambia kimsingi pwani yetu ilikuwa pango la maharamia mpaka Mreno alipoleta utaratibu.

UTARATIBU! Mleta utaratibu mwenyewe mwaka 1502 katia nanga hapa na mizinga yake, akamwambia mtawala wetu Amir Ibrahim toa dhahabu au mji unateketea. Mwaka huohuo, pwani ya Malabar kule India, kaipora meli ya mahujaji waliotoka Makka, kisha akaichoma na wanawake na watoto wakiwa ndani. 1505 akaja Mreno mwenzake Almeida, Kilwa ikaporwa, Mombasa ikachomwa. Haramia nani hapo?

Nikanyoosha mkono nikauliza hivyohivyo, kwa adabu. Jamaa akanitazama kama dagaa walioanza kunuka: "Kaa chini kijana, historia si hadithi za bibi yako."

Makofi! Mpiga picha kaweka kamera chini ili apige vizuri!

Sasa bibi yangu kaingiaje? Kilwa iliyofyatua sarafu zake za shaba, dhahabu ya Sofala kule Msumbiji ikipita mikononi mwetu, msafiri wa Morocco Ibn Battuta kafika 1331 akausifu mji, leo pango? Kaa chini! Mimi! Mchumba wangu kakaa pembeni!

Uzi tayari, tiririkeni.

Kasa Mzee: Povu lote hili kisa makofi? Mchumba alisemaje?

Mleta uzi: Na yeye alipiga.

Tanga Moja: 😂😂😂 Mods msifute huu uzi.

Ngalawa Mbovu: Tuwe wakweli. Huyohuyo Ibn Battuta kaandika kwamba sultani wenu alikuwa anavamia bara na kurudi na ngawira. Hilo mnaliruka.

Mleta uzi: Na kaandika fakiri alimwomba nguo alizovaa mwilini, akampa! Yule wa suti angempa nani hata kifungo?

Mvita Original: Nyie mnalia na makofi. Sisi Mombasa tumechomwa 1505, tukavamiwa tena 1528, na hatujafungua uzi. Aliyempa Mreno rubani wa kwenda India 1498 anajulikana. Malindi, nguzo yake bado mnayo ufukweni, mnapigia picha.

Binti Malindi: Tulimpa rubani aende zake! Nyinyi mlituma waogeleaji usiku wakate kamba za nanga, wakashtukiwa.

Mvita Original: Angalau tulijaribu.

Binti Malindi: Kujaribu hakuliwi na wali.

Ngalawa Mbovu: Wapwani bwana. Ndiyo maana Mreno aliwapata mmoja mmoja.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye "kaa chini".

Tanga Moja: Kaa chini mkuu 😂

Kasa Mzee: Tukiwa hapohapo, nauli ya mashua kutoka Masoko kwenda Kisiwani siku hizi ni ngapi? Juzi nimetozwa bei ya mzungu, na mimi Mzaramo kabisa.

Binti Malindi: Ulivaa kaptula na kofia pana?

Kasa Mzee: Jua lilikuwa kali.

Binti Malindi: Basi ulilipa bei yako.