Mtungi wa kuzamia: kwa nini nisizuie pumzi?

Mzamia Kamba, Malindi
Salaam. Nimezoea kuzamia kwa pumzi ya kifua tu, sasa naanza mafunzo ya mtungi. Hewa inafikaje mdomoni? Na mbona mwalimu anakataza kuzuia pumzi, si ndiyo ingeokoa hewa?

Fundi Riguleta
Ndugu, mazoea hayo ya kifua ndiyo ya kuacha kwanza. Mtungi uliojaa una mgandamizo wa bar 200 hivi (bar 1 ni kama mgandamizo wa hewa ya kawaida juu ya maji). Kipande cha riguleta, kifaa kinachokuletea hewa, kinachofungwa shingoni mwa mtungi hushusha nguvu hiyo hadi kama bar 10 juu ya mgandamizo wa maji. Cha mdomoni humalizia: ukivuta, ngozi yake ya mpira huingia ndani, husukuma kijiti, valvu hufunguka. Ukiacha, hujifunga.

Basi hewa unayopata ina mgandamizo ule ule wa maji yaliyokuzunguka. Mita 10 ni bar 2. Pumzi uliyovuta juu hubanwa ukishuka, na ukipanda haizidi ilivyokuwa mwanzo. Ya mtungi umeijaza kule chini. Ukiizuia ukapanda toka hapo hadi juu, inataka nafasi mara mbili. Hata mita 2 za mwisho zinatosha kuchana mapafu. Riguleta ikikutoka mdomoni, endelea kutoa viputo vidogo mpaka uirudishe.

Mama Kusi
Tena hewa haiokoki hivyo. Mtungi wa lita 12 kwa bar 200 ni lita 2,400. Ondoa bar 50 za akiba, zabaki lita 1,800. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwa mita 10 ni lita 40, kwa mita 20 ni 60. Dakika 45 au 30, mtungi ule ule. Vuta polepole, toa polepole zaidi.

Mzamia Kamba, Malindi
Ahsanteni. Na sindano ya geji, ile ya kuonyesha hewa iliyobaki mtungini, ikichezacheza nikivuta?

Fundi Riguleta
Valvu ya mtungi haijafunguliwa vizuri. Juu itakupa hewa, chini itakunyima. Kabla ya kuingia majini vuta mara nne ukiitazama sindano, isitikisike. Jaribu na riguleta ya akiba, ile ya njano. Hewa ikinuka mafuta au moshi, rudisha mtungi. Ukisikia mlio shingoni, funga valvu, toa hewa, kagua oringi, ile pete ya mpira: chembe moja ya mchanga yatosha kuivujisha.

Mama Kusi
Ukisuuza riguleta, funika kipande cha shingoni kwa kifuniko kikavu, wala usibonyeze kitufe cha mdomoni: maji yatapanda bombani.