Je, anga iliyopindika inaweza kueleza fyusheni baridi?

Mwalimu wa Uyole
Ndugu zangu, nafundisha fizikia kidato cha sita hapa Mbeya. Mwanafunzi wangu anasema kwamba, ikiwa Einstein alionyesha mwaka 1915 kuwa maada huipinda anga, huenda ndani ya paladiamu, metali inayofyonza haidrojeni, anga hupindika kiasi cha kuvikutanisha viini vya haidrojeni nzito, na kwamba hilo ndilo joto ambalo wanakemia Fleischmann na Pons walilitangaza Utah mwezi Machi 1989 kuwa ni la fyusheni baridi, yaani viini kuungana bila joto kali, walipopitisha umeme kwenye maji mazito (yenye haidrojeni nzito) kwa kutumia paladiamu. Nimjibu nini?

Mtu wa Tukuyu
Mwalimu, hoja hiyo inakwama kwenye ukubwa. Kati ya protoni mbili, nguvu ya umeme inayozisukuma huzidi ile ya uvutano takribani mara trilioni ya trilioni ya trilioni, kwa hiyo mpindo unaoletwa na atomi za kipande cha metali hauna ubavu wowote. Hata mwanafizikia Alcubierre, aliyependekeza mwaka 1994 namna ya kusafiri kwa kuikunja anga, alihitaji nishati hasi, yaani iliyo chini ya sifuri, ambayo kipande cha metali hakina. Tena ndani ya paladiamu viini vya haidrojeni nzito hukaa mbalimbali kuliko katika molekuli ya gesi yake.

Binti Mafinga
Kwa heshima, kaka, mimi ningeanza na joto lenyewe: lilikuwapo? Umeme ukipita kwenye maji mazito, hutoka gesi mbili, haidrojeni nzito na oksijeni, na katika chombo kilicho wazi mpimaji huchukulia kwamba zote zimeondoka na nishati yake. Sehemu yake ikiungana tena humo humo, kipimajoto kinapanda bila nyuklia yoyote. Halafu, wati moja tu ya fyusheni ya haidrojeni nzito tuliyoizoea ingerusha karibu nyutroni trilioni moja kila sekunde, na waliosimama kando ya chombo wasingebaki salama.

Mwalimu wa Uyole
Ahsante, dada. Hilo la nyutroni nililigusia, naye mwanafunzi akasema mpindo huo ndio unaozimeza nyutroni.

Binti Mafinga
Basi anga yake imepewa kazi mbili, kuunganisha viini na kuficha ushahidi. Mwambie atabiri kwanza joto litakuwa kiasi gani akitumia maji ya kawaida badala ya mazito, kisha ndipo tuzungumze.

Mtu wa Tukuyu
Na akiipenda fyusheni isiyohitaji joto la jua, asome ile ya myuoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi, inayovisogeza viini karibu), ambayo kundi la mwanafizikia Alvarez liliiona Berkeley mwaka 1956. Hiyo ipo kweli, ila myuoni huishi takribani mikrosekunde 2.2, na kuitengeneza hula nishati nyingi kuliko inayorudi.